Hafiki Shubiri, Bei Laki Nane

Nilikwenda Magomeni kufuata suruali yangu, nikaikuta haijakunjwa pindo. Fundi, mama ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi, alikuwa ameacha kazi zote, miwani puani, anatazama kitu kilichosimama juu ya meza ya cherehani kati ya bobini na kisahani cha pini. Mwanasesere. Nilimpima kwa futi ya Shangazi mwenyewe: sentimita 16 kasoro uzi. Shubiri yangu ilimpita. Hakuwa na nguo, hakuwa na nywele, hakuwa na nyusi. Mdomo wake uliachama kidogo, kama mtoto aliyekatizwa maneno.

Mwenye mali alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, aliyekuja likizo kutoka Birmingham, ambako anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Bei alikuwa amekwisha kuitaja: dola 320. Niliingia Shangazi akizigeuza kuwa shilingi, na kila alipofika mwisho wa hesabu alirudi mwanzo, kama mtu anayetumaini kwamba safari hii jibu litakuwa jingine.

Barazani alikuwepo pia Mzee wa Saa, jirani, aliyekaa Kariakoo miaka na miaka akitengeneza saa za watu mpaka simu zilipomnyang'anya wateja. Yafuatayo ni maneno yao nilivyoyashika. Yangu nimeyatia pale nilipoulizwa, na mara mbili tatu ambapo sikuulizwa.

SHANGAZI: Laki nane. Mwanangu, laki nane kwa mdoli! Na bado yu uchi.

BINTI: Nguo zinauzwa peke yake, shangazi.

SHANGAZI: Sikusikia.

BINTI: Zinauzwa peke yake. Nywele pia. Hata macho, haya ya kioo nimeyanunua mahali pengine.

MZEE WA SAA: Macho peke yake! (Akacheka mpaka akakohoa.) Mimi ningeuza saa bila mishale wangenichoma moto.

BINTI: Mzee, shikamoo tena. Mtazame kwanza, kisha unicheke.

Akamshika yule mwanasesere mguu, akauvuta taratibu. Goti likaachana na paja. Ndani ikaonekana gololi ya rangi ya maziwa, imekaa katika kikombe chake, na katikati ya gololi umepita mpira mwembamba kama tambi. Akaachia. Goti likarudi mahali pake kwa mlio mdogo: tk. Akamkalisha kwenye ukingo wa cherehani, akamkunja miguu, akamwekea kiganja shavuni. Akabaki vile vile, anafikiri. Hapo hakuna aliyecheka. Hata Shangazi alinyamaza, ingawa si kwa muda mrefu.

BINTI: Ndani yake hamna waya wala skrubu hata moja. Kuna kitanzi kimoja cha mpira kinachotoka mkono huu kupita kifuani hadi mkono ule. Kingine kimeanzia kwenye kulabu shingoni, kimeshuka, kimegawanyika miguuni. Anasimama kwa sababu anajivuta mwenyewe.

Niseme hapa kidogo juu ya ukoo wake, maana binti aliueleza kwa pupa na ukatuchanganya. Wanasesere wa viungo vya gololi ni wazo la zamani. Miaka ya 1930 msanii Mjerumani, Hans Bellmer, alitengeneza mmoja mwenye gololi kubwa mahali pa tumbo na kumpiga picha ambazo hata leo hutaziweka sebuleni. Wasanii wa Japani wakalichukua wazo hilo, wakalilainisha, wakalifanya fani. Lakini biashara tunayoizungumza ilianza mwaka 1999, pale Volks, kampuni ya Kyoto iliyokuwa imezoea vinyago vya resini vya kuunganisha nyumbani, ilipomtoa Super Dollfie wa sentimita 57. Baada ya hapo Wakorea wakaingia kwa nguvu. Hawa wadogo, wa shubiri kushuka chini, wamepata sifa zaidi mikononi mwao, kwa watengenezaji kama Fairyland na Latidoll. Wa binti si wa hao. Ametoka kwa fundi mwingine, na jina lake tuliache.

SHANGAZI: Haya, kuna wa sentimita 57. Huyo anauzwaje?

BINTI: Inategemea. Dola 500, 700, wengine 900 na zaidi.

SHANGAZI: Basi nimekushika. Mimi nguo ya mtoto wa mwaka mmoja sitozi bei ya gauni la mama yake. Mkubwa kala mali, mdogo kala nini?

Nilifanya hesabu pembeni, nikajutia, kwa sababu ilimpa Shangazi nguvu. Ukipunguza urefu kutoka 57 hadi 16, na kama maumbo yangefanana, mali inayoingia ndani haipungui mara tatu na nusu. Inapungua mara tatu na nusu kwa mapana, kwa marefu na kwa unene: karibu mara 45. Bei, kwa upande wake, imeshuka nusu tu.

SHANGAZI: Mmesikia? Mara 45! Huyo aliyemtengeneza anauza hewa.

MZEE WA SAA: Hapana. Hapo mama umekosea, na nitakwambia kwa nini. Saa ya ukutani na saa ya mkononi ya kike, ipi ina chuma kingi?

SHANGAZI: Ya ukutani.

MZEE WA SAA: Na ipi nilikuwa natoza zaidi kuifungua? Ya ukutani skrubu ikidondoka unaiona, inakutazama pale sakafuni. Ile ya kike ikiruka umekwisha. Unapiga magoti nusu siku na sumaku mkononi. Halafu mteja anakuja: mzee, kidude kidogo hivi, mbona bei kubwa? Bwana wee, udogo ndio bei.

BINTI: Asante, mzee. Vipande ni vile vile. Kichwa na kifuniko chake, kiwiliwili, mikono mitatumitatu, miguu mitatumitatu: kumi na tano na zaidi kidogo, awe mkubwa awe mdogo. Kila kipande kina kalibu yake ya silikoni. Unachanganya resini, maji mawili, na ukishayachanganya huna dakika nyingi, yanaganda. Mapovu lazima yavutwe kwa mashine, la sivyo kidole kinatoka na tundu. Na kidole cha huyu kikitobolewa na povu, kidole chenyewe hakipo.

MIMI: Na kalibu inadumu?

BINTI: Haidumu. Ikitoa vipande makumi kadhaa imechoka, kingo zinachanika, unaanza nyingine.

Nadhani hapo ndipo penye jibu la nusu ya bei, na si watu wengi wanaolijua. Barbie alipotolewa New York mwaka 1959 aliuzwa dola 3. Kalibu za metali za kiwandani ni ghali kuzitengeneza, lakini ukishazilipia zinatema wanasesere maelfu kwa maelfu, na gharama inagawanyika mpaka inakuwa vumbi. Kalibu ya silikoni inagawanya gharama kwa watu thelathini, arobaini. Ukitaka kujua kwa nini kitu ni ghali, uliza vimetengenezwa vingapi kabla chombo hakijafa.

Mzee wa Saa alikuwa amekwisha kutoa lenzi yake mfukoni. Bado anatembea nayo. Akaikaza jichoni, akamchukua mwanasesere kwa vidole viwili, akamgeuza juani.

MZEE WA SAA: Gololi nzuri. Hii kazi. Kikombe kimemkumbatia sawasawa, unywele haupiti. Kwa mkubwa nafasi ya nusu milimita huioni. Kwa huyu ingekuwa pengo la meno. Lakini binti yangu, hapa ndani ya paja pana mstari.

BINTI: Ni mshono wa kalibu. Unaondoa mwenyewe kwa msasa, ndani ya maji, umevaa barakoa, maana vumbi la resini ni baya kwa mapafu.

MZEE WA SAA: Mwenyewe?

BINTI: Mwenyewe. Wengine wanakuondolea, wanaongeza bei. Na mzee, tafadhali, mtoe juani. Resini inageuka njano.

SHANGAZI: Ngoja. Ngoja kwanza. Nipange. Umelipa laki nane. Ukasubiri…

BINTI: Miezi mitatu. Unalipa kwanza, ndipo wanammimina.

SHANGAZI: …miezi mitatu. Amekuja uchi, kipara, hana uso, ana kovu la pajani. Sasa wewe umpige msasa, umchore nyusi, umtafutie nywele, umshonee nguo. Kwa hiyo umelipa laki nane upewe kazi?

BINTI: Ndiyo, shangazi. Kazi ndiyo niliyonunua.

Sijui kama alijua amesema nini. Akatoa simu, akatuonyesha mwingine aliyemkamilisha mwaka jana, naye ni mdogo vile vile. Tuliikuza picha mpaka uso ukajaa kioo cha simu. Nyusi zilikuwa na unywele mmojammoja, umechorwa kwa brashi yenye nyuzi tatu. Kwenye kope kulikuwa na wekundu hafifu wa mtoto aliyetoka kulala; huo, alisema, ni chaki laini iliyosagwa na kupakwa kwa tabaka, kila tabaka likipuliziwa dawa ya kuligandisha kabla ya jingine kuja. Ukikosea tabaka la tano, unafuta yote. Huyu wa sasa alifika siku moja kabla ya safari. Dawa yenyewe hairuhusiwi kwenye ndege, na hata ingeruhusiwa, hewa yetu ya masika haina simile nayo: ikikuta unyevu inageuka ukungu mweupe usoni.

BINTI: Nikitoka zamu ya usiku siwezi kulala. Nimeogesha wazee, nimebadilisha mashuka, mmoja ameniita jina la binti yake usiku kucha. Nikikaa na brashi, kwa saa mbili hakuna anayeniita. Na cha mwisho nilichogusa siku ile nimekiacha kizuri kuliko nilivyokikuta.

SHANGAZI: Pole mwanangu. (Akanyamaza.) Lakini mwezi wa sita uliniambia mambo magumu.

BINTI: Mwezi wa sita nilituma, shangazi.

SHANGAZI: Ulituma pungufu.

BINTI: Nilituma pungufu kwa sababu walikata zamu. Huyu nimemnunua kwa zamu za ziada, kidogokidogo, nusu mwaka. Ada ya mdogo wangu sikuigusa.

Ukimya ulioingia hapo wanaujua wote wenye ndugu ughaibuni. Ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizosemwa siku ile, na haina uhusiano wowote na resini. Aliyeko nje akinunua kitu kisicholika wala kujengewa, kitu hicho tayari kina wenyewe nyumbani: paa la fulani, dawa za fulani. Ila Shangazi naye hakuwa mwadilifu hapo. Yule kijana wa mtaa wa pili aliyerudi na simu ya zaidi ya milioni mbili, tena ya kubadilisha baada ya mwaka, barazani pale alisifiwa. Nilimkumbusha. Akasema simu inapiga.

MZEE WA SAA: Na hapo ndipo mimi na wewe binti tunapoachana. Saa yangu ndogo, ghali, sawa. Lakini ilikuwa inasema saa. Huyu anasema nini?

Binti hakujibu. Aliyejibu alikuwa Shangazi, na alijibu asichokusudia.

SHANGAZI: Si lazima aseme. Bibi yetu, yule wa Kisarawe, alikuwa na mwanahiti. Hasemi, hana mikono, hana miguu. Lakini mwali alikuwa anatoka naye ndani amekuwa mtu.

Kwa msomaji asiye wa Pwani: mwanahiti wa Wazaramo na jirani zao Wakwere ni kijiti cha mti kilichochongwa, nacho chaweza kuwa kifupi kuliko kiganja. Kiwiliwili kama mchi, matiti, kitovu, kisha kichwa chenye upanga wa nywele, mara nyingi panga mbili. Mwali akiwa utawani alimtunza kama mtoto, akajifunza ulezi kwa mikono kabla hajawa na mtoto wa damu. Umbo hilo hilo utalikuta kwenye nguzo za makaburi, kwenye bakora, hata kwenye zeze. Kwa hiyo Shangazi, aliyekuja kupinga mwanasesere mdogo, ametoka katika watu ambao hawakuwahi kudharau mwanasesere mdogo.

BINTI: Yule wa bibi yuko wapi?

SHANGAZI: Alikuja mtu, kabla hujazaliwa. Akasema ananunua vitu vya kale. Baba yako ndiye aliyemuuza.

MIMI: Kwa kiasi gani?

SHANGAZI: Usiniulize.

Sikuuliza tena. Lakini wanahiti wa zamani waliochongwa vizuri hufika kwenye minada ya Ulaya, na huko kijiti kisicho na kiungo hata kimoja kinaweza kumwacha huyu wa dola 320 mbali sana. Aliyemchonga hakupata hata sehemu moja ya mia ya fedha hizo. Ukilinganisha, huyu wa resini angalau fedha zake nyingi zimekwenda kwa aliyemchonga, angali hai, anachonga mwingine.

MZEE WA SAA: Feki hakuna? Kila kitu kina feki.

BINTI: Wapo. Wanamnunua mmoja halisi, wanamtengenezea kalibu, wanamimina. Theluthi ya bei.

SHANGAZI: Si uchukue hao!

BINTI: Ukimimina nakala kutoka kwa aliyekwisha kumiminwa, anapungua. Kidogo sana, lakini kwa huyu hakuna cha kupunguza. Gololi haikai. Na aliyechonga hapati kitu.

MZEE WA SAA: Feki zimenilisha mimi. Saa halisi inarudi baada ya miaka kumi, feki inarudi Jumatatu.

SHANGAZI: Ninyi semeni. Mimi ninauza vitenge. Nusu ya mnavyovaa ni nakala ya nakala ya wax ya Uholanzi, na hakuna aliyenirudishia.

Hilo lilipita bila jibu, na mpaka leo sina. Kanga zenyewe ziliwahi kuchapwa Manchester, Uholanzi na hata Japani kwa ajili yetu, na sisi tukaziita zetu. Nani alimwiga nani ni uzi mrefu.

SHANGAZI: Basi mwandishi aseme. Kaja kufuata suruali, asikae bure.

Nikasema. Nilisema bei ya kiwiliwili naikubali. Gololi zile, kikombe kile, kalibu inayokufa baada ya wanasesere arobaini: hiyo ni kazi ya mikono ya mtu, na dola 320 kwa kazi ya namna hiyo si wizi. Lakini kuna kitu kingine katika biashara hii ambacho binti alikitaja kwa kupita, na mimi nilikikamata: yale matoleo ya idadi maalumu. Mwanasesere yule yule, kichwa kile kile, resini imetiwa rangi kidogo ya kijani au zambarau, dirisha la kuagiza linafunguliwa wiki mbili na kufungwa, bei inapanda. Hapo kalibu haijafa. Mtu ameamua tu kuacha kuitumia. Udogo una bei, sawa. Uhaba wa kutengenezwa makusudi mimi siulipii, na binti asiulipie.

BINTI: Mmoja nilinunua wa hivyo.

MIMI: Nilijua.

Akacheka. Wakati huo Shangazi alikuwa amevuta kikapu cha vipande. Nadhani ule mzaha wa mdoli kuwa uchi ulikuwa umemkera kifundi. Alianza na kitenge, akakata gauni kwa kukisia, akamvisha: likasimama kama kengele, mwanasesere akawa ulimi wake. Akalitupa. Akachukua kipande cha voili. Cherehani ikakimeza kitambaa kwa mara ya kwanza, akakitoa kimejaa grisi. Akakata kingine, akaweka karatasi ya gazeti chini yake, akashona, akaichana karatasi. Pindo alilipa milimita tatu, likafumuka. Akashona kwa mkono. Mkono wa gauni ulipokataa kugeuka, kidole kikawa kinene mno, akaugeuza kwa njiti ya kiberiti. Kifungo hakikuwepo cha kumtosha, akatia ushanga. Hatukuzungumza. Alifumua mara tatu, na mara ya tatu alisema neno ambalo sitaliandika.

Mwisho akamvisha, akamkalisha tena ukingoni, akarudi nyuma hatua moja.

BINTI: Shangazi! Nikuletee na yule mwingine. Utanitoza ngapi?

SHANGAZI: Elfu ishirini na tano.

BINTI: Kwa kitambaa cha kiganja? Gauni la mtoto mzima unatoza kumi na tano!

Mzee wa Saa alishika magoti yake, akainama, mabega yakitikisika.

SHANGAZI: Nawe usinicheke. Sijalegea. Kazi ni kazi, nimekubali, na anayeifanya alipwe. Sijasema kila kazi ni ya lazima. Laki nane ni laki nane.

BINTI: Ndiyo, shangazi.

Jua la alasiri lilikuwa limeizunguka nguzo ya baraza, limefika kwenye ukingo wa meza. Shangazi alimsogeza mwanasesere kwa vidole viwili mpaka kivulini, nyuma ya kopo la chaki, akamnyoosha gauni. Kisha akanigeukia.

SHANGAZI: Na wewe, suruali ulisema tupunguze inchi ngapi?